Kijivu Kisichokuwemo Kitabuni

Kisanduku cha kwanza cha Persepolis kina mtoto wa kike wa miaka 10. Amekunja mikono, ushungi mweusi umemkaba uso, midomo ameibana. Mwaka ni 1980, mji ni Tehran. Kisanduku kinachofuata ni picha ya darasa: wasichana wamekaa kwenye mstari, wote wamenuna vilevile, na mhusika wetu yuko ukingoni kabisa, kiasi kwamba mchoro umemkata na kumwacha nje. Marjane Satrapi anaanza kusimulia maisha yake kwa kujitoa mwenyewe kwenye picha. Geuza macho kidogo, uko uwanjani wakati wa mapumziko. Watoto wameshazivua zile shungi walizolazimishwa kuvaa. Huyu kaufanya wake kamba ya kuruka, yule kajifunika gubigubi anatishia wenzake kama zimwi, mwingine analalamika kwamba joto limemzidi. Kurasa mbili hazijaisha na tayari kitabu kimeshakuwa na kelele.

Filamu inaanzia kwingine. Mwanamke mtu mzima, koti jekundu mwilini, yuko uwanja wa ndege wa Orly, Paris. Anaingia msalani, anajitanda mtandio mbele ya kioo, anakwenda kaunta ya ndege ya Tehran, na hapo miguu inamgomea. Hasafiri. Anakaa kitini, anawasha sigara, anatazama mbele. Polepole rangi zinaondoka kwenye skrini, na utoto unakuja kwa rangi ya moshi.

Hapo ndipo nilipobonyeza kitufe cha kusimamisha.

“Dada, hata dakika tano hazijafika,” mdogo wangu akaniambia. Kompyuta ilikuwa yake, na wazo la kunikalisha nitazame lilikuwa lake pia. Yeye alianza na filamu, kitabu hajawahi kukishika. Mimi ni wa upande wa pili. Nakala yangu, ile ya Kiingereza iliyounganisha juzuu zote nne, imeachia gundi mgongoni, na baadhi ya kurasa zinatembea peke yake. Filamu ilitoka mwaka 2007, nami nikaikwepa miaka na miaka kwa sababu ileile inayomfanya mtu asiende kwenye harusi ya mchumba wake wa zamani. Si kwamba unamtakia mabaya. Hutaki tu kumwona amependeza.

Basi amependeza, niseme ukweli. Filamu ya Persepolis ni nzuri kuliko nilivyojiandaa, na sehemu kadhaa inakipita kitabu waziwazi. Lakini tangu pale Orly nilihisi kuna jambo limebadilishwa, na sikuweza kulitaja jina mpaka filamu ilipofika katikati. Kitabu ni cha ubishi. Filamu ni ya majonzi. Matukio ni yaleyale, watu ni walewale, hata mistari ya nyusi ni ileile, ila mtoto aliyekuwa anabishana na dunia nzima amefanywa kumbukumbu ya mwanamke anayevuta sigara.

Kwa wasioijua hadithi, niipitishe haraka. Satrapi alizaliwa Rasht mwaka 1969, akakulia Tehran katika familia ya wasomi wa mrengo wa kushoto. Alishuhudia Shah akiangushwa mwaka 1979, mapinduzi yakiishia mikononi mwa viongozi wa dini, kisha vita vya miaka minane na Iraq vilivyoanza mwaka uliofuata. Akiwa na miaka 14 wazazi wake walimpeleka Vienna peke yake, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa unamtafutia balaa shuleni. Huko Austria alipotea, akalala barabarani, akaugua, akarudi Tehran, akasoma sanaa, akaolewa, akaachana na mume, na mwaka 1994 akaondoka kwenda Ufaransa. Haya yote aliyachora. Juzuu nne zilitoka kati ya 2000 na 2003 kwa L'Association, kampuni ndogo ya Paris iliyoanzishwa na wachoraji wenyewe. Kitabu kilienea dunia nzima.

Hollywood ikaja, kama kawaida yake. Satrapi amewahi kusimulia kwa kicheko kwamba miongoni mwa mapendekezo aliyoletewa lilikuwamo la Jennifer Lopez kuwa mama yake na Brad Pitt kuwa baba. Alikataa. Mwishowe aliiongoza filamu yeye mwenyewe, pamoja na rafiki yake Vincent Paronnaud, mchoraji anayejulikana kwa jina la Winshluss. Walikubaliana mambo mawili ambayo shabiki yeyote angeyapigia magoti. Kwanza, isiwe na waigizaji wa kuonekana, kwa sababu ukishaweka sura halisi na mtaa halisi, mtazamaji wa mbali atasema hao ni watu wa huko kwao, hayanihusu. Pili, ichorwe kwa mkono juu ya karatasi, kwa kalamu ya wino, wakati studio nyingine zilikuwa zimeshahamia kwenye kompyuta. Satrapi aliigiza ishara za wahusika mwenyewe, bibi, mtoto, askari, hata mbwa, ili wachoraji wamtazame na kuzinakili.

Kwa hiyo sina wa kumlaumu. Hakuna mtayarishaji wa mbali aliyekivamia kitabu changu kwa shoka. Aliyekibadilisha ndiye aliyekiandika, na hilo linamnyima shabiki silaha yake kubwa.

Nianze na rangi. Kitabuni hakuna kijivu. Hakimo kabisa, kurasa zote zaidi ya 300. Kuna nyeusi na kuna nyeupe, basi. Nywele nyeusi, shungi nyeusi, usiku mweusi, na nyuso nyeupe zinazojitokeza katikati yake kama taa. Satrapi hakupaka vivuli, hakukwaruza mistari ya kulainisha. Matokeo yake ni kwamba kila kisanduku kinasema jambo moja kwa sauti ya juu, na kinachofuata kinakijibu. Mandhari nyuma ya wahusika mara nyingi ni tupu. Baba anasema hivi, mwalimu anasema vile, televisheni inasema uongo, na Marjane mdogo, yaani Marji, katikati anauliza kwa nini. Hata Mungu, anayekuja usiku kukaa kitandani kwa mtoto huyu na ndevu zake ndefu nyeupe, anaulizwa maswali hadi anaonekana kuchoka. Marji anamwona anafanana na Karl Marx, ila nywele za Marx zimejisokota zaidi.

Filamu imejaa kijivu. Moshi wa maandamano unatambaa barabarani, theluji ya Vienna inaanguka juu ya majengo yaliyofifia, milima ya Tehran inalala nyuma ya mji kama mkaa uliosuguliwa kwa kidole. Ni uzuri mtupu. Kuna sehemu ambapo askari na waandamanaji ni vivuli tu vinavyosukumana, na kijana mmoja anaanguka, na damu yake nyeusi inatambaa sakafuni taratibu. Nilishika mdomo. Lakini kijivu kina kazi yake, nayo ni kutuambia kwamba haya yalishapita, yako mbali, yamefunikwa na vumbi la miaka. Kitabu hakikuwahi kuniambia hivyo. Kitabu kilinifokea usoni kana kwamba ni leo asubuhi.

Mdogo wangu alinijibu kwamba kijivu kinafanya kazi nyingine pia, kwamba mtu mzima hakumbuki kwa nyeusi na nyeupe. Ana hoja. Ila hoja hiyo inaanza na mtu mzima, na mimi nilikuja kwa ajili ya mtoto.

Haki itendeke. Yako mambo ambayo karatasi haiwezi, na filamu ikayafanya kwa raha. Kitabuni kuna kurasa zinazoonyesha Marjane anavyobalehe huko Vienna, kiungo kimoja kimoja kinakua kwa zamu yake na kumwacha kituko. Ukisoma unatabasamu. Kwenye filamu mwili wenyewe unavutika, mguu unachomoka, pua inavimba, kidevu kinakimbia mbele, jicho moja linatangulia jingine, na tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Au Markus, mpenzi wake wa Vienna. Mara ya kwanza anasimuliwa kama malaika, mzuri, mwenye kipaji, mpole. Marjane anapomfumania na mwanamke mwingine, filamu inarudi mwanzo na kuyasimulia mapenzi yaleyale upya: kumbe kijana alikuwa na sura ya kuchusha, mwoga, asiye na kipaji chochote. Nywele zilezile, mvua ileile, ila sasa macho yamefunguka. Kila aliyewahi kuachwa anaijua filamu hiyo ya pili.

Kisha kuna ule wimbo wa Rocky. Baada ya miezi ya huzuni Tehran, vidonge, kitanda, pazia lililofungwa, Marjane anaamua kuishi. Kitabuni anajipamba, anavaa nguo mpya, anaanza mazoezi, mambo yamekwisha ndani ya ukurasa mmoja. Filamu inampa Eye of the Tiger, na anauimba mwenyewe, vibaya, nje ya ufunguo, kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kifaransa, huku anarusha ngumi. Hakuna kisanduku duniani kinachoweza kuimba vibaya kiasi hicho. Ndivyo ilivyo pia kwa Bruce Lee. Marji mdogo wa filamu ni mpenzi wa Bruce Lee, anapiga mateke ya hewani mbele ya wageni wa wazazi wake. Kwa sisi tuliokua wakati kila kibanda cha video mtaani kilikuwa na watoto wa namna hiyo mlangoni, mtoto huyo si wa Tehran tena. Ni wa Magomeni, au Majengo.

Na historia ya nchi, ambayo kitabuni inaelezwa na baba kwa maneno mengi, kwenye filamu inachezwa kama maonyesho ya vibaraka. Reza Khan, baba wa Shah, anatoka kama mwanasesere wa karatasi, na Mwingereza anamshika mkono kumfundisha jinsi ya kuwa mfalme na wapi pa kupeleka mafuta. Dakika chache, na umeelewa.

Lakini aliyeniteka hasa ni bibi.

Wahusika wanawake watatu wa nyumba ile walipewa sauti na wanawake wenye historia yao wenyewe. Marjane mkubwa ni Chiara Mastroianni. Mama yake kwenye filamu ni Catherine Deneuve, ambaye ni mama yake mzazi kweli. Bibi ni Danielle Darrieux, aliyezaliwa mwaka 1917, aliyeanza kuigiza tangu ujana wake kabla ya Vita vya Pili, na ambaye alishawahi kuwa mama wa Deneuve kwenye filamu ya Les Demoiselles de Rochefort mwaka 1967. Ukoo mzima wa sinema ya Ufaransa umekaa sebule moja ya Tehran, na bibi ndiye mwenye sauti nzito ya mikwaruzo, isiyo na haraka, inayoweza kutoka kwenye tusi kwenda kwenye mapenzi bila kupumzika. Kitabuni nilikuwa nimempa bibi huyu sauti ya mpole. Darrieux alinirekebisha, na siku hizi nikisoma namsikia yeye.

Bibi huyu ana desturi moja. Kila asubuhi anachuma maua ya asumini na kuyaweka ndani ya sidiria yake, ili anukie siku nzima. Jioni akivua nguo maua yanamwagika. Mjukuu anayelala naye chumba kimoja anashuhudia hili kama muujiza wa kila siku. Msomaji wa Stockholm au Chicago atalipokea kama jambo la kupendeza la nchi za mbali. Sisi wa Pwani hatuna haja ya kuelezwa. Bibi zetu wa Mombasa, Lamu na Unguja walijua kikuba kinasukwaje, asumini zinachumwa saa ngapi kabla hazijafunguka, na kwamba harufu ya mwanamke mzima ni jambo la kupangwa tangu alfajiri. Niliposoma kwa mara ya kwanza ukurasa ule nilinusa kabisa. Kwenye filamu maua yanaanguka, meupe, polepole, yanajaza skrini, na muziki wa Olivier Bernet unapanda. Mdogo wangu akafuta machozi. Mimi pia, ingawa nilikuwa nimekasirika kidogo.

Kwa nini nikasirike? Kwa sababu bibi wa kitabuni ni zaidi ya maua. Ni mwanamke mkali, mcheshi, mwenye msimamo. Kuna tukio ambalo kitabu na filamu vyote vinalo. Marjane, sasa msichana mkubwa, anamsubiri mchumba wake barabarani huku amejipaka rangi ya mdomo. Askari wa maadili wanakuja. Ili kujiokoa, anamsingizia mwanamume aliyekaa kwenye ngazi, asiye na hatia yoyote, kwamba amemtolea maneno machafu. Wanambeba. Marjane anakwenda kumsimulia bibi akitegemea watacheka pamoja. Bibi hacheki. Anamkumbusha kwamba babu yake na mjomba wake walifungwa kwa ajili ya watu wasio na hatia, na kwa mara ya kwanza maishani anampandishia sauti. Kwenye filamu Darrieux analisema karipio hilo kama mtu anayepiga kofi. Hapo filamu ilinipa kila nilichotaka. Kama ingeendelea na bibi huyo, nisingekuwa na makala ya kuandika.

Ila filamu ya dakika 95 lazima itupe vitu, na kilichotupwa ndicho kinachoniuma. Sizungumzii marafiki wa Vienna waliopunguzwa wala walimu waliounganishwa kuwa mmoja. Nazungumzia Mehri.

Mehri ni dada wa kazi. Aliletwa nyumbani kwa kina Satrapi akiwa na miaka minane kwa kuwa kwao watoto walikuwa wengi kuliko chakula. Alimlea Marji. Walilala pamoja, walisimuliana hadithi. Akiwa na miaka 16 akampenda kijana wa jirani, wakawa wanatazamana dirishani, kisha barua zikaanza. Mehri hajui kusoma. Marji ndiye anayemwandikia barua za mapenzi, kwa mwandiko wake wa kitoto, na anaifurahia kazi hiyo. Siri inavuja, inapita kwa mjomba, kwa bibi, inafika kwa baba. Baba, huyu mpenda haki, msomaji wa vitabu vya mapinduzi, anayeandamana dhidi ya Shah, anakwenda mwenyewe kwa yule kijana na kumwambia kwamba msichana unayemwandikia si binti yangu, ni mtumishi wa ndani. Kijana anazirudisha barua. Baba anatambua mwandiko, anamwita mwanawe, na kumfafanulia kwa upole kwamba mapenzi yale hayawezekani, kwa sababu katika nchi hii kila mtu na tabaka lake.

Marji haelewi. Baba yake si ndiye anayepinga matabaka? Anamshika Mehri mkono na kumpeleka kwenye maandamano. Wanarudi jioni, mama anawazaba makofi wote wawili, kwani siku hiyo ni Septemba 8, 1978, Ijumaa Nyeusi, siku ambayo jeshi liliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Tehran.

Sura hiyo ni ya kurasa chache tu, na kwangu ndiyo mhimili wa kitabu. Bila Mehri, wazazi wa Marji ni watu wema walioonewa na historia. Pamoja naye, ni watu wema wenye gari la Cadillac na mtoto wa mtu jikoni. Marji analijua hilo. Ameshasema kwamba anaona haya kupanda gari hilo. Ubishi wake haukuanza na wenye ndevu na bunduki. Ulianzia mezani kwao, wakati wa kula, akimtazama anayepakua chakula ambaye hakai nao. Nyumba ngapi hapa kwetu, za watu wanaohutubia kuhusu haki, zina msichana wa kazi anayekula amesimama? Ukurasa ule umewahi kunifanya nifunge kitabu na kwenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu.

Filamu haina Mehri. Na kwa kuwa haina Mehri, ikajaza nafasi kwa mapenzi ya familia. Wazazi wamekuwa safi zaidi, na kuwakumbuka kumekuwa kutamu zaidi. Mwanamke wa Orly ana haki ya kuwakumbuka wazazi wake hivyo, kila mtu akiwa mbali huwasafisha wake. Lakini yule mtoto wa miaka 10 asingekubali.

Kuna suala jingine la muda, ambalo waongozaji wasingeweza kulikwepa hata wangetaka. Mwisho wa nusu ya kwanza, Marji yuko uwanja wa ndege wa Tehran anakwenda Vienna. Ameshaagana na wazazi, amevuka, kisha anageuka mara ya mwisho na kupitia kioo anamwona baba amembeba mama aliyezimia. Katika toleo la Kifaransa hapo juzuu ya pili inaisha. Msomaji wa mwaka 2001 alifunga kitabu na kungoja juzuu ya tatu mpaka mwaka uliofuata. Wasomaji wa Kiingereza wa mwaka 2003 nao waliachwa papo hapo, na mama yao mikononi mwa baba. Hata mimi niliyesoma toleo lililounganishwa nilikaa na mchoro ule mpaka chai ikapoa. Kwenye filamu picha ni ileile, imechorwa kwa heshima, na baada ya pumzi chache tuko Austria kwa watawa. Filamu haikungoji. Kitabu kinakungoja, kama kwenye kile kisanduku cheusi titi kinachofunga sura ya kuanguka kwa kombora, pale Marji anapoona bangili ya rafiki yake kwenye kifusi. Kisanduku hicho hakina mchoro wowote. Unakaa nacho kadiri unavyoweza kuvumilia, na anayeamua kugeuza ukurasa ni wewe.

Kuhusu mwisho, kuna badiliko dogo ambalo huenda wengi hawakuliona. Kitabu kinasema kwamba baada ya kuondoka Septemba 1994, Marjane alimwona bibi yake mara moja tu, kwa mwaka mpya wa Kiirani wa Machi 1995, na bibi akafariki Januari 1996. Filamu inasema hakumwona tena. Siku zile chache za Machi zimefutwa ili maumivu yawe kamili. Namwelewa msimuliaji. Lakini nazitaka siku zile za Machi. Mtu aliyepata kurudi mara moja, akaketi tena na bibi, akanusa asumini kwa mara ya mwisho bila kujua kwamba ndiyo ya mwisho, anabeba kitu kigumu zaidi kukisimulia kuliko yule ambaye hakurudi kabisa.

Filamu ilipokewa kwa shangwe huko Cannes mwaka 2007 na kugawana Tuzo ya Jopo la Majaji na filamu ya Carlos Reygadas wa Mexico. Mwaka uliofuata ikapata tuzo mbili za César na kuteuliwa kwa Oscar ya filamu ya katuni, ambayo ilikwenda kwa Ratatouille, yule panya mpishi. Serikali ya Iran ililalamika, tamasha la Bangkok likaiondoa kwenye orodha, Lebanon ikaipiga marufuku kisha ikageuza uamuzi. Lakini lililonishangaza zaidi ni la Tunisia. Oktoba 7, 2011, wiki chache kabla ya uchaguzi wa kwanza baada ya kuanguka kwa Rais Ben Ali, televisheni ya Nessma iliionyesha ikiwa imeingizwa sauti kwa Kiarabu cha mtaani cha Tunisia. Watu walikasirishwa na yule Mungu mwenye ndevu kitandani kwa mtoto. Kituo kilishambuliwa, nyumba ya mmiliki wake, Nabil Karoui, ikarushiwa mabomu ya petroli, na Mei 2012 mahakama ikamtoza faini ya dinari 2,400.

Mchoro huohuo ulikuwa madukani, kwenye karatasi, tangu mwaka 2000. Unaweza kuudhika na kitabu, ukakifunga, hakuna anayejua. Filamu iliyoingia sebuleni usiku, mbele ya baba na wakwe, ikizungumza lugha ya nyumbani kabisa, haikumpa mtu nafasi hiyo. Ninapolalamika kwamba filamu imepoza ubishi wa Persepolis, nakumbuka Tunis na kujiuliza kama nimesema kweli. Labda ubishi uliondoka kwenye hadithi ukahamia kwa watazamaji. Kwangu mimi hilo halitoshi, kwa sababu waliobishana kule walibishana kuhusu Mungu, na hakuna aliyepata nafasi ya kubishana kuhusu Mehri.

“Dada, wewe ulitaka filamu au ulitaka kitabu kinachotembea?” Mdogo wangu aliniuliza hivyo majina ya watengenezaji yakiwa bado yanapanda. Nilimwambia nilitaka dakika kumi na moja zaidi. Za nani? Za Mehri. Akauliza Mehri ni nani.

Sikumweleza. Nilimpa kitabu, pamoja na zile kurasa zilizoachia, nikamwonya asizichanganye. Siku ya tatu akanipigia simu usiku, yuko kwenye basi, nasikia kondakta nyuma yake.

“Huyu mtoto anaongea, jamani.”

“Anaongea.”

“Kwenye filamu hakuwa hivi. Anamsema mpaka baba yake.”

“Umefika wapi?”

“Kwenye barua. Huyu jirani ndiye anarudisha barua zote?” Akanyamaza kidogo. “Ngoja, nashuka hapa. Usiniambie kinachofuata.”